Kadi Zigawe Leo

Sogeeni mbele. Mbona mnaniachia nafasi hapa kama nina tetekuwanga? Leo tunaitikiana kivingine. Nikiuliza, "Imelala?" nyie mnajibu, "Inaamka!" Tujaribu. Imelala?

Nani huyo kajibu "Bado"? Mtoeni. Ah, mwacheni, kila kikao lazima kiwe na mmoja wa namna hiyo.

Imelala?

Inaamka!

Basi hapo kale, ila si kale sana, maana simu zilikuwepo na bando lilikuwa linaisha kama linavyoisha leo, palikuwa na mto ukiitwa Lukwale. Mto huo ulikuwa na tabia za shemeji: haupigi hodi, unaingia moja kwa moja hadi jikoni. Bondeni kwake kulikuwa na mashamba ya mpunga ya Utunge. Mpunga ukianza kuiva, watu wa Utunge huhamia shambani, wakaishi juu ya madungu, vile vibanda vya miti mirefu vya kulindia ndege na nguruwe. Ukiwa juu ya dungu unaona ndege, unaona nguruwe, unaona jirani yako anapika nini na amekunyima. Maji huyaoni. Maji huja chinichini ndani ya mpunga, na ukiyaona yameshameza ngazi.

Kwa ajili hiyo pakawekwa vituo vya kupimia maji, kuanzia Mkongwe kule juu mlimani hadi bondeni. Kila kituo kilipewa kompyuta ndogo, saizi ya kipande cha sabuni, inayokula umeme wa sola na kuendeshwa na mfumo uitwao Linux. Ndani yake imechomekwa memori kadi. Kadi hiyo ndiyo diski yake. Ndiyo kichwa chake, na ndiyo ghala lake. Mashine inapima maji, inayapiga picha, inaandika, inapima tena. Maji yakivuka alama, inaliza king'ora huko Utunge, na watu wanashuka madungu wanakimbilia kilimani.

Mwaka wa kwanza king'ora hakikulia. Mashine haikuibiwa, haikuungua, haikulewa. Diski ilijaa! Mfumo wenyewe na vipimo vya maji vilikuwa vinalala chumba kimoja. Vipimo vikazaa vipimo, picha zikazaa picha, mpaka mashine ikakosa pa kuandika hata "jamani, nakufa". Ikanyamaza. Maji yakaingia Utunge watu wakiwa na tonge mkononi. Asumini binti Salehe alitolewa kwenye tawi la mkwaju. Mama yake, waliyekuwa naye dungu moja, hakutolewa hai.

Hapo sina utani. Twende.

Mwaka wa pili, Asumini huyohuyo, mimba imempanda hadi kifuani, yuko juu ya dungu jipya, palepale. Msimwulize kwa nini. Mpunga ndio chakula chake, na ndege hawana likizo. Alikuwa hakai. Anainuka, anachungulia, anakaa, anainuka tena. Mumewe, Nasoro, akamwambia, "Tulia, mke wangu, hakuna kitu. Kimya kabisa."

"Ndicho ninachokiogopa," akasema Asumini. "Na mwaka jana kulikuwa kimya."

Sasa tuhamie mjini, kwenye ofisi ya mto. Humo mlikuwa na watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza, Siwema. Kipaji cha Siwema kilikuwa uvivu. Msicheke, ni uvivu wa daraja la juu. Kazi akiifanya mara moja, anaipenda. Mara ya pili anainunia. Ya tatu anakaa chini na kuiandikia maelekezo ijifanye yenyewe. Akifua shuka, analitazama kwa jicho la kusema, "Na wewe si ujifue?"

Wa pili, Kasembe. Kipaji chake kufungasha. Mpe kapu la mayai na ngoma mbili, anakurudishia mfuko mmoja wa rambo, na nafasi ya nyanya imebaki. Begani alikuwa na kibegi kidogo. Humo ilitoka bisibisi, ukatoka mwavuli, zikatoka ndimu, na siku moja, kwa kiapo cha walioshuhudia, ikatoka stuli.

Wa tatu, Chande. Kipaji chake miguu na mdomo. Ukimwambia nenda, neno halijafika kwenye "a" ya mwisho, pikipiki imeshawaka. Swali la pili hajauliza tangu azaliwe. Mkunga alimpiga kofi ili alie. Akalia, hakuuliza kwa nini.

Mkubwa wao alikuwa Mama Ngwale, mhandisi wa mto, mwanamke wa heshima zake, ambaye ujumbe wa simu alikuwa anauandika kama anakatwa mshahara kwa kila herufi.

Baada ya msiba wa Utunge, Mama Ngwale akaagiza kadi mpya. Duka moja halikuwa na za kutosha, mwenye duka akamalizia kwa jirani, jirani akamalizia kwa binamu yake, kwa hiyo zikaja mchanganyiko: kubwa, ndogo, za kati. Hapo ndipo palipokuwa na mtego. Mfumo ulikuwa umeandaliwa kama nakala moja, imeshonwa kwa kipimo cha kadi ndogo kuliko zote. Ukiinakili kwenye kadi kubwa, inajikunyata kwenye kona, na kwingine kote kunabaki pori. Mashine haijui kama pori ni lake. Ni sawa na mtu umempa shamba zima, yeye akajenga choo getini na kuhamia humo.

Dawa yake ni kuigawa kadi: chumba cha mfumo huku, chumba cha vipimo kule, na hicho cha vipimo kivutwe hadi ukutani. Mfumo usibanane tena na vipimo. Kadi moja baada ya nyingine, kwa mkono. Na kazi hiyo akapewa nani?

Siwema! Masikini, mmeshamjua.

Akagawa kadi ya kwanza, akaipenda. Akagawa ya pili, akanuna. Akainuka.

"Mama Ngwale, kwani mashine haiwezi kujigawia yenyewe ikiamka?"

"Mwanangu, umeshaona mgonjwa anajipasua tumbo?"

"Huyu si mgonjwa, mama. Ni mtu anapanga chumba chake."

"Akiwa usingizini?"

"Akiwa anaamka."

"Siwema. Gawa kadi."

Hakugawa. Akakaa akaandika kanuni, fupi kama orodha ya kwenda sokoni: Ukiamka, pima kadi yako. Chumba cha mfumo kiongeze kidogo. Panapobaki pote, jenga chumba cha vipimo, mwisho ukutani. Ukikuta chumba kina kitu ndani, usikivunje. Na kesho ukiamka ukakuta vyote vipo, usijitie kazi, pita zako. Hiyo ya mwisho, mkiiangalia vizuri, ni Siwema kajichora mwenyewe.

Akaijaribu. Mashine ikaamka, ikaingia ndani ya nyumba yake, ile diski, ikaanza kupima, ikaandika vipimo mlemle kwenye kile kichumba cha kubanana, na baadaye kabisa ndipo ikaisoma kanuni: jenga chumba cha vipimo. Kumbe vipimo vimeshakaa, vimeshavua viatu, vinasubiri chai. Mashine ikachanganyikiwa, ikagoma.

Hapo akaingia Kasembe na kibegi chake.

"Kanuni yako nzuri, dada. Ila inafika harusini watu wanaosha masufuria."

"Sasa ulitaka ifike saa ngapi?"

"Kipindi cha kandambili."

Msinikodolee macho, hata Siwema alikodoa. Mtu anapoamka, kabla hajakumbuka jina lake, kabla hajamtambua aliyelala pembeni yake, mkono unashuka sakafuni unapapasa kandambili. Macho bado yamefumba. Linux nayo ina kipindi hicho. Kabla haijahamia kwenye diski yake, inafungua kwanza kifuko kidogo cha safari, chenye vitu vya kuanzia tu: ufunguo wa mlango na tochi, basi. Ikishaingia ndani, kifuko inakitupa. Kitu chochote ukitaka kifanyike kabla nyumba haijakaliwa, lazima kiwemo mle. Na kifuko hicho ni kidogo mno. Kila mtu atakwambia hakiongezeki hata sindano.

Kila mtu isipokuwa Kasembe. Akatia kanuni za Siwema. Akatia kisu cha kukatia vyumba. Akatia na kitu ambacho Siwema alikisahau, cha kuvutia mkeka. Maana kupanua chumba ni jambo moja, na mkeka uliotandikwa humo kufika kwenye kona mpya ni jambo jingine. Usipouvuta, chumba kinakuwa kikubwa na watu wanaendelea kukaliana mapajani katikati. Akakunja, akabonyeza, akakalia, kifuko kikafungika. Wakajaribu kwenye kadi moja: mashine ikapapasa, ikakata, ikavuta, ikaingia ndani kama mwenye nyumba.

Wakainakili nakala hiyo kwenye kadi zote, wakazitia kwenye bakuli la plastiki, wakamwita Mama Ngwale.

"Mmejaribu kwenye ngapi?"

"Moja, mama."

"Moja!" Akavua miwani. "Kasembe, mwaka jana nilikwenda kuzika Utunge. Nilisimama kaburini kwa yule mama, binti yake ananitazama. Sirudi kule tena kwa sababu ya jaribio la kadi moja. Kesho Siwema atazifuta zote, na kila moja ataigawa kwa mkono wake. Nimemaliza."

Akaondoka kwenda mkutanoni makao makuu ya mkoa.

Imelala?

Inaamka! Vizuri, amkeni hasa, maana sasa anaingia Chande.

Kule mkutanoni Mama Ngwale hasikii anachoambiwa. Anaangalia dirisha. Wingu limekaa juu ya milima ya Mkongwe, zito, jeusi, halisogei. Kesho ni mbali. Akampigia Siwema, simu imezimwa. Akampigia Kasembe, simu ikalia ndani ya kibegi, ndani ya mfuko, ndani ya soksi. Basi akamwandikia Chande, mwenye simu mkononi muda wote, ili awafikishie wenzake: "Kadi zigawe leo. Mvua inakuja."

Hebu tusimame hapohapo. Kwa Mama Ngwale, kugawa kadi ni kuikata vyumba. Kwa Siwema na Kasembe vilevile, ndiyo lugha ya ofisini kwao. Lakini Chande kazi yake ni pikipiki. Kwa Chande, na kwa dunia nzima iliyobaki, kugawa ni kama pilau la hitima: kila mtu apate sahani yake, na asikose hata aliyekaa uani.

Siwema na Kasembe walikuwa wametoka kwenda kula. Chande akautazama ujumbe, akalitazama bakuli. Akauliza?

Mmesema wenyewe. Akalifunika bakuli kwa nailoni, akalifunga kifuani kwa kanga ya ofisi, pikipiki ikawaka.

Kituo baada ya kituo, mlinzi baada ya mlinzi.

"Hii ya nini, Chande?"

"Ya bosi. Chomeka."

"Nichomeke wapi?"

"Ulipochomoa."

Akapanda hadi Mkongwe, kituo cha juu kabisa, kile kinachokiamuru king'ora cha Utunge. Huko alikuwepo mlinzi wake, Mzee Mbwana, mtu wa maswali.

"Shikamoo, mzee. Kadi yako hii."

"Marahaba. Imejaribiwa?"

"Mzee wangu, mimi nagawa, sijaribu."

"Na mbona hii kubwa kuliko ya wenzangu?"

"Kwa heshima ya umri wako."

Akageuza pikipiki. Tone la kwanza likamdondokea puani akiwa bado getini. Alipovuka daraja la Lukwale, maji yalikuwa yanagusa mbao. Alipogeuka kulitazama daraja, hakukuwa na daraja la kulitazama.

Ofisini akamkuta Mama Ngwale ameshafika, amelowa, viatu mkononi. Siwema na Kasembe wako chini ya meza wanatafuta bakuli.

"Chande! Ujumbe wangu umeupata?"

"Nimeupata, mama, na kazi imekwisha."

"Kadi umezigawa?"

"Zote."

Mama Ngwale akashusha pumzi. Kisha akaipandisha tena. "Wewe? Kila moja vyumba viwili?"

"Vyumba? Mama, nimegawa kila kituo kadi moja. Hakuna aliyekosa, hakuna aliyezidishiwa."

Mama Ngwale akaviangusha viatu.

"Nilisema uzigawe!"

"Na mimi nimezigawa!"

"Nilimaanisha muweke kizigeu, ukuta wa kutenga vyumba!"

"Mungu wangu," akanong'ona Kasembe, "bora hukusema. Angekwenda kukitafuta sokoni."

Njia imekatika. Kadi ambazo hazikukubaliwa, zenye kanuni isiyojaribiwa ila mara moja, ziko ndani ya mashine zote za mto. Kadi za zamani walinzi wameshazichomoa. Mzee Mbwana ya kwake ameigeuza kidani cha mbuzi. Hakuna wa kwenda kukagua, hakuna wa kwenda kurekebisha. Mashine ama zitajigawia zenyewe zikiwa zimefumba macho, ama zitajaa na kunyamaza kama mwaka jana. Na Asumini yuko juu ya dungu.

Ofisi ile haikukalika. Siwema anakwenda mlangoni, anarudi, anakwenda. Kasembe anatoa vitu kwenye kibegi, anavirudisha, anavitoa. Chande, ambaye hajawahi kukosa pa kwenda, anazunguka meza kama kuku aliyefungwa mguu. Kila mashine ikiamka salama hutuma neno ofisini. Neno likaingia: kituo cha Magomba, vyumba viwili, nafasi ipo. Likaingia la Chuini: vyumba viwili, nafasi ipo. Mto mzima ukaitika, kituo kwa kituo.

Mkongwe, kimya.

"Kadi yao ndiyo kubwa kuliko zote," akasema Siwema. "Pengine kisu kimekwama."

"Kisu changu hakikwami," akasema Kasembe. "Pengine kanuni yako imezidiwa."

"Pengine," akasema Chande taratibu, "ningeuliza."

Ilikuwa mara ya kwanza. Mama Ngwale alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili kama anaogopa itaruka. Ikaita. Mzee Mbwana.

"Hiyo kadi yenu nilikuwa naifuta kwanza. Kijana wenu kaileta ina jasho. Sasa hivi ndiyo naichomeka."

Wakasubiri. Kule juu, mashine ikapata umeme. Ikafungua kifuko, ikapapasa. Ikapima, ikakuta pori kubwa ajabu. Ikakata. Ikavuta mkeka hadi kona ya mwisho. Ndipo ikafungua macho. Neno likaingia: Mkongwe, vyumba viwili, nafasi ipo tele.

Mvua ikanyesha. Ikanyesha kama ina kisasi. Vipimo vikazaa vipimo, picha zikazaa picha. Ikafika pale ambapo mwaka jana mashine ilikosa pa kuandika, mashine ikapita ikiandika, haina habari. Na mchana mmoja, Nasoro akiwa anapakua wali, Mkongwe ikaona maji yamevuka alama.

King'ora kikalia Utunge.

Asumini alishuka ngazi ile kwa namna ambayo mwenye mimba haruhusiwi kushuka. Nasoro akamfuata mbio, mkononi kabeba sufuria la wali, akidhani kamshika mkewe. Mashamba yote yakakimbia. Maji yalipofika kwenye madungu yakakuta ngazi tupu. Yakayang'oa moja baada ya jingine, na lile la Asumini likiwemo, na halikuwa na mtu. Asumini akajifungua kilimani, chini ya paa la mashine ya kukoboa mpunga, kwenye rundo la pumba, wanawake wamemzingira kwa kanga zilizolowa. Mtoto akalia. Wanasema alikizidi king'ora.

Wa kike au wa kiume? Sisemi. Nawajua nyie, nikisema tu mtaamua kwa hilo. Kiswahili chetu kimeniruhusu kusema "mtoto" na "yeye" hadi mwisho, naitumia ruhusa hiyo.

Maji yalipopungua, wale watatu na Mama Ngwale wakavushwa kwenda Utunge. Asumini akawapokea palepale kwenye mashine ya kukoboa, mtoto mapajani, akasimuliwa mkasa wote wa kugawa.

"Huyu nilikusudia aitwe jina la mama yangu," akasema. "Lakini mama aliondoka kwa sababu king'ora kilinyamaza, na huyu amefika kwa sababu kililia. Jina la mama nitamwekea atakayefuata. Huyu namtaka aitwe jina la aliyekifanya kilie. Awe somo yake, amjue, aje kumtazama akiugua, amcheze ngoma akikua. Ni nani kati yenu?"

Wote watatu wakafungua mdomo.

"Mimi," akasema Siwema. "Bila kanuni yangu, mashine isingejua hata kama ina kiwanja. Chande angegawa vipande vya sabuni."

"Kanuni yako dada yangu naiheshimu," akasema Kasembe, "lakini ulipoijaribu mwenyewe iligoma. Niliyeifikisha kabla macho hayajafunguka ni mimi, na aliyeukumbuka mkeka ni mimi."

"Kifuko bila kanuni ni kifuko tu. Ungetia ndimu!"

"Na kanuni bila kifuko ni harufu ya pilau."

"Mmemaliza?" akasema Chande. "Shemeji Asumini, kadi za hawa mabingwa zilikuwa kwenye bakuli. Kesho yake zilikuwa zinafutwa. Siku mvua inaanza, zingekuwa bakulini bado, ng'ambo ya daraja lililozama."

"Wewe ulikosea!" wakasema wenzake kwa pamoja.

"Nilikosea nikafika. Nyie mlipatia mkabaki mnakula."

Mama Ngwale akakohoa. "Kwa kweli, ule ujumbe ulikuwa wa kwangu..."

"Mama, wewe ulisema zifutwe!" wakadakia wote watatu.

"Haya, haya. Nimejitoa."

Wazee wa Utunge wakajaribu. Mmoja akasema ni Siwema, maana mawazo ndiyo mbegu. Mwenzake akasema mbegu iliyokaa mfukoni haioti, ni Kasembe. Wa tatu akasema mtu aliyekuletea maji jangwani humwulizi kama aliikosea njia, ni Chande. Nasoro akapendekeza majina yote matatu yagawiwe kwa mtoto mmoja.

"Ni kugawa hukohuko kulikotufikisha hapa," akasema Asumini. "Jina moja. Mtoto hagawiwi, si kwa maana yenu wala kwa maana ya Chande."

Kisha akawatazama wote, akawatuliza kwa kidole mdomoni, maana mtoto alikuwa amesinzia.

Na mimi nimewaachia hapo, paa la bati, pumba za mpunga, watu watatu wananyoosha shingo kama bata. Mtoto kope zinaanza kucheza. Mkono wake mdogo unapapasa, macho bado yamefumba. Mama yake ameinama, mdomo tayari, anataka kumwita kabla hajayafungua.

Amelala?

Anaamka! Basi harakisheni, yule wa "Bado" nawe umo. Kanuni, kifuko, au pikipiki: wewe ungemwita nani?